Barua ya wazi kwa wasimamizi wa bahari yetu: Waulizeni wavuvi kuhusu nyangumi

Kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Nakala: Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu.

YAH: OMBI LA KUWATAKA WANANCHI WA PWANI WATOE TAARIFA ZA NYANGUMI WANAOWAONA

Waheshimiwa Mawaziri,

Husikeni na somo la hapo juu. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kilwa, na wengi wa wanafunzi ninaowafundisha ni watoto wa wavuvi. Nimeamua kuandika barua hii hadharani, badala ya kuipitisha masjala kama ilivyo desturi, kwa sababu jambo ninaloliomba haliwezi kutekelezwa na ofisi moja peke yake, na wanaopaswa kulisikia ni wengi kuliko wanaofungua mafaili.

Ombi lenyewe ni hili. Kabla ya msimu ujao wa kusi, Serikali zetu mbili zitoe mwito rasmi kwa kila anayeingia baharini, awe mvuvi, nahodha wa boti ya abiria, mwongoza watalii, mpiga mbizi au mama anayelima mwani, kwamba akimwona nyangumi atoe taarifa. Na pawepo mahali pamoja, panapojulikana na wote, pa kuipeleka taarifa hiyo, itunzwe, itumiwe na watafiti, na aliyeitoa ajibiwe.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa kwamba nyangumi wapo. Pepo za kusi zinapokolea, kuanzia Julai hivi hadi Novemba, nyangumi nundu huingia katika maji yetu wakitoka kwenye bahari baridi za Antaktika, ambako hujishibisha kwa krili, viumbe wadogo wa namna ya uduvi. Hupita Afrika Kusini na Msumbiji, wengine wakaishia huko, wengine wakaendelea hadi kwetu na Kenya. Huku hawali karibu chochote. Wamekuja kupandana na kuzaa, baada ya mimba ya takriban mwaka mzima, na ndama anayezaliwa huwa tayari ana urefu wa mita nne au zaidi. Mkubwa wao hufikia mita 14 hadi 16. Mnyama wa ukubwa huo akiruka na kujibwaga majini, kishindo chake husikika mbali, na waliolala ndani ya mashua wakisubiri nyavu hueleza kwamba usiku mwingine husikia milio yake ikipenya kwenye mbao za chombo. Hao ni madume wanaoimba.

Watu hawa wa kusini, nikiruhusiwa kuwaita hivyo, nusura wamalizwe. Katika karne ya 20 nyangumi nundu zaidi ya laki mbili waliuawa katika bahari za kusini mwa dunia, wengi wao na meli za kiwanda zilizotoka nchi za mbali. Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la hifadhi yao, na katazo la kuwavua kibiashara lililopitishwa mwaka 1982 likaanza kutumika mwaka 1986. Tangu hapo wameongezeka. Ila kuongezeka kwa kundi zima ni jambo moja, na kujua wanapita wapi katika maji ya Tanzania, wanazalia wapi, na wanakaa muda gani na ndama zao, ni jambo jingine. Majibu ya maswali hayo hutokana na watu kuona, kuandika na kuhesabu, msimu baada ya msimu.

Naomba nieleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa kuwa kimetokea kwetu na bado hakijapewa uzito kinaostahili. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi nundu una mchoro wa madoa meusi na meupe, makovu na kingo zilizomeguka, na hakuna nyangumi wawili wanaofanana mchoro huo, sawa na alama za vidole vya binadamu. Ndiyo maana mtu akipiga picha ya mkia wakati nyangumi anazama, picha hiyo inatosha kumtambua hata baada ya miaka mingi. Upo mtandao wa kimataifa uitwao Happywhale ambako watafiti na watu wa kawaida hupeleka picha za namna hiyo, na kompyuta huzilinganisha. Mwezi Agosti mwaka 2022 nyangumi dume alipigwa picha katika bahari iliyo kati ya Unguja na Bara. Picha ilipolinganishwa na nyingine, ikaonekana kwamba dume huyo huyo aliwahi kupigwa picha mwaka 2013, na tena mwaka 2017, katika pwani ya Pasifiki ya Colombia, Amerika Kusini. Umbali kati ya sehemu hizo mbili, ukipimwa kwa njia fupi kuliko zote, ni kilomita 13,046. Matokeo yalichapishwa Desemba 2024, na wakati huo hapakuwa na nyangumi nundu mwingine aliyejulikana kuhama umbali mkubwa kiasi hicho kutoka mazalio hadi mazalio.

Kwa nini alihama, watafiti wanajadiliana: huenda alifuata chakula, huenda alitafuta majike ambako madume washindani ni wachache. Hayo tuwaachie. Kinachonihusu mimi ni kwamba habari hiyo yote ilitegemea mtu mmoja kuwa na kamera mahali panapofaa kwa sekunde chache, na picha yake kufika mahali pa kutunzwa. Najiuliza ni mikia mingapi imezama mbele ya macho ya vijana wa Songo Songo, Jibondo, Msimbati na Makunduchi, wenye simu za kamera mifukoni, picha zikabaki kwenye makundi ya WhatsApp hadi simu zikajaa na zikafutwa.

Waheshimiwa, mtafiti anayetaka kuwahesabu nyangumi kwa boti yake hukodi chombo, hununua mafuta, hulipa mabaharia, kisha husubiri bahari itulie. Msimu wa nyangumi ndio huo huo wa kusi, wakati mawimbi ya kichwa cheupe yanapofanya kazi ya kuhesabu iwe ngumu na siku za kutoka ziwe chache. Mvuvi hana nafasi ya kusubiri namna hiyo. Upepo ukiruhusu hata kidogo, anatoka. Kwa hiyo waliopo baharini nyangumi wanapopita ni wenye ngalawa na mashua, wa mishipi, wa jarife (nyavu za kunasia samaki wakubwa), wa dagaa wanaotoka na taa usiku, pamoja na manahodha wa boti za abiria zinazovuka kati ya Dar es Salaam na Unguja kila siku ya Mungu. Elimu ya utafiti wanayohitaji hao ili wawe na manufaa inaweza kufundishwa kwa nusu saa chini ya mwembe.

Wala hili si jambo geni kwetu. Mwezi Septemba 2003 wavuvi wa hapa Kilwa, upande wa Songo Mnara, walimvua samaki ambaye hawakumzoea, naye akatambuliwa kuwa silikanti, samaki wa ukoo wa kale ambao wataalamu waliamini umetoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Baada ya huyo wa Songo Mnara wakaanza kupatikana wengine Tanga, kwenye nyavu za jarife zilizotegwa kwenye maji marefu, na wavuvi wakatoa taarifa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Hifadhi ya bahari ilianzia kwenye mdomo wa mvuvi, na hapakuwa na meli ya utafiti iliyotangulia.

Sasa nije kwenye utekelezaji, ambako ndiko mawazo mengi mazuri hufia. Nasikia mara nyingi kwamba dawa ya kila kitu ni programu ya simu. Siipingi, na kwa waongoza watalii na wapiga mbizi itafaa sana. Lakini kwa mvuvi wa kawaida kipo kitu bora zaidi ambacho tayari kipo. Kwenye madiko yetu, yaani mahali vyombo vinaposhushia samaki, yuko mkusanya takwimu, mara nyingi kijana wa kijiji hicho hicho aliyepewa kazi kupitia BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi), ambaye chombo kinapofika husogea na daftari au simu yake, akauliza aina ya zana na idadi ya mabaharia, akasubiri samaki wanapotundikwa kwenye mizani, changu kwa changu, nguru kwa nguru, akajaza fomu. Fomu hiyo iongezewe swali moja tu: leo mmemwona nyangumi? Jibu likiwa ndiyo, yafuate machache: saa ngapi, wapi, wangapi, alikuwa na mtoto au hapana, alielekea wapi, mzima au amenaswa.

Jibu la "hapana" nalo liandikwe, na hapa naomba wasomaji wasinipite haraka. Taarifa zinazokuja kwa hiari pekee hutuonyesha mahali penye watu wengi wenye simu, yaani kwenye hoteli na njia za boti za watalii, na mtu anaweza kudhani kwamba nyangumi nao wanapenda hoteli. Tukijua kwamba wiki hii vyombo vya Somanga vilitoka mara nyingi na havikumwona hata mmoja, ilhali vya Songo Songo vilitoka mara chache na vikawaona kila mara, hapo ndipo tunaanza kusema jambo lenye maana kuhusu nyangumi wenyewe. Fomu ya diko inaandika chombo kilichotoka, kimeona au hakijaona. Hakuna programu ya simu inayoweza kutupatia hilo kwa urahisi, kwa maana hakuna anayefungua simu yake kuripoti kwamba hakuona kitu.

Kuhusu mahali, fomu isimlazimishe mvuvi kutaja nyuzi za latitudo. Wapo wenye GPS, na wataje. Wengine wanajua walipo kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mnara na kilima, au minazi na ncha ya kisiwa, na wanajua kina kwa pima. Mzee akisema "nje ya mwamba fulani, maji ya pima 20, mlima umeanza kufichwa na kisiwa," ametaja mahali kwa usahihi ambao mtafiti akiwa na ramani na mzee mwingine wa hapo anaweza kuuweka kwenye kompyuta. Kila BMU, na kwa Zanzibar kila kamati ya wavuvi ya shehia, iandae orodha ya majina ya miamba na mapito ya eneo lake pamoja na mahali yalipo. Kazi hiyo ifanywe mara moja, na itafaa kwa mengine mengi zaidi ya nyangumi.

Kizuizi kikubwa, hata hivyo, hakiko kwenye fomu. Kiko moyoni. Mvuvi anafahamu kwamba Kanuni za Uvuvi zinakataza kumvua nyangumi, pomboo, nguva na kasa, na ni vyema zikataze. Nyangumi akinasa kwenye jarife lake, ama ataondoka nalo, na hiyo ni hasara ya fedha nyingi kwa mtu maskini, ama atafia ndani yake. Katika hali zote mbili mvuvi anaona usalama wake uko katika kunyamaza, asije akahojiwa, chombo kikazuiwa, au mwakani akasikia sehemu anayovua imefungwa kwa sababu yeye mwenyewe alisema kuna nyangumi. Anayeomba taarifa bila kuiondoa hofu hii ataletewa habari za nyangumi wazima wanaoruka tu, na za wale walionaswa hatazipata kamwe, wakati hizo ndizo zinazohitajika zaidi.

Kwa hiyo naomba tamko la maandishi, lenye sahihi zenu, libandikwe kwenye kila diko, lisemalo kwamba taarifa ya nyangumi aliyenasa kwa bahati mbaya au aliyekutwa amekufa haitatumika kama ushahidi dhidi ya aliyeitoa, na kwamba hakuna eneo litakalofungwa kwa uvuvi kutokana na taarifa hizo bila wavuvi wa eneo hilo kuketi mezani kwanza. Pasipo tamko hilo, mengine yote niliyoyaandika ni bure.

Kizuizi cha pili ni kimya chetu sisi wenye ofisi, nami najihesabu humo kwa kuwa ni mtumishi wa umma. Miaka kadhaa iliyopita mzoga wa nyangumi ulisukumwa na maji hadi kwenye ufukwe usio mbali na shule yetu. Vijana walipiga simu kwenye ofisi moja inayohusika, wakaambiwa walete barua kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Barua ilipokwenda na kurudi, harufu ilikwishawafukuza hata mbwa, na maji makuu yakauchukua mzoga. Hakuna aliyepima urefu, hakuna aliyechukua kipande cha ngozi, hakuna aliyetazama kama palikuwa na alama za kamba au za panga la boti. Mzoga hausubiri barua. Wanaokumbuka Aprili 2006, mamia ya pomboo walipokutwa wamekufa pwani ya Nungwi, watakumbuka pia jinsi kila mtu alivyotaka kujua sababu. Na sababu hutafutwa mzoga ukiwa bado mbichi. Pawe na namba fupi ya simu isiyotozwa, inayopokelewa saa zote, na katika kila wilaya ya pwani awepo afisa mwenye futi kamba, glavu, kisu na chupa ya spiriti ya kuhifadhia sampuli, ambaye haombi barua.

Mwito wenu pia uonye. Kumwomba mtu picha ya mkia ni sawa na kumwambia asogee, na tayari tumeona boti za watalii zinavyowazunguka pomboo wa Kizimkazi hadi hawapati pa kupumulia. Isemwe waziwazi kwamba chombo kisikaribie chini ya mita 100, kisipite kati ya mama na mtoto, kipunguze mwendo, na hakuna anayeruka majini. Picha iliyopigwa kwa mbali na kukuzwa ina thamani kuliko ndama aliyetenganishwa na mama yake. Asiye na kamera aseme alichokiona, inatosha.

Ipo pia haja ya kueleza tofauti za wanyama, kwa kuwa wengi huita nyangumi kila kilicho kikubwa. Papa potwe wa Mafia ni samaki. Mkia wake umesimama wima na hapulizi. Nyangumi mkia wake umelala, na akiibuka hupuliza mvuke unaoonekana kwa mbali. Bango moja lenye michoro ya nyangumi nundu, papa potwe, pomboo na nguva, likibandikwa karibu na mizani ya diko, litaondoa makosa mengi. Wala aliyemwona papa potwe asifukuzwe na taarifa yake. Naye hutambuliwa kwa madoa yake, na wapo wanaomfuatilia.

Naomba msiweke mipaka ya miezi. Msimu wa kaskazi, Januari hadi Machi, nyangumi nundu wa kusini wanapaswa kuwa wamekwisharudi Antaktika. Lakini huko Oman, ambako wengi wetu wa pwani tuna ndugu, lipo kundi dogo la nyangumi nundu wasiohama kwenda kusini kamwe. Wanaishi Bahari ya Uarabuni mwaka mzima, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba wametengana na wenzao wa kusini kwa takriban miaka 70,000, na walioko Oman wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Majira yao ya kuzaa ni ya kaskazini, kinyume na ya hawa wetu. Mmoja wao aliyefungwa kifaa cha kufuatilia mienendo alivuka hadi India. Basi nahodha wa Pemba au Tanga akimwona nyangumi nundu mwezi Februari, taarifa yake inaweza kuwa na uzito kuliko taarifa mia za Agosti, na kama ana picha ya mkia, watafiti wa huko Oman watataka kuiona siku hiyo hiyo.

Faida kwa Serikali yenyewe naipitia upesi, kwa kuwa mnaijua. Utafutaji wa gesi kwenye kina kirefu cha bahari ya Lindi na Mtwara hutumia milipuko ya sauti, na tathmini ya athari kwa mazingira haiwezi kusema milipuko hiyo isimame mwezi gani kama hakuna rekodi ya wanaopita. Vivyo hivyo kwa njia za meli na boti za mwendo kasi. Wenzetu wa Kenya, kwa kuwahusisha manahodha wa boti za uvuvi wa kitalii, waongoza watalii na wapiga mbizi katika mtandao wao wa mamalia wa baharini tangu mwaka 2011, wamejikusanyia picha ya pwani yao yote bila kununua meli.

Mwisho, aliyetoa taarifa ajibiwe. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Ahsante, taarifa yako imepokelewa, ni ya 12 kutoka Kilwa msimu huu." Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza hali ya bahari, na redio za jamii za pwani husikilizwa na wavuvi kabla ya kutoka; basi mara moja kwa juma tangazo hilo lifuatiwe na sentensi mbili za nyangumi walioonekana na wapi. Msimu ukiisha, matokeo yarudishwe dikoni kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti mbele ya waliotoa taarifa, nao wapewe nafasi ya kusema pale ambapo ramani ya mtafiti imekosea. Najua watakosoa, na mara nyingi watakuwa sahihi.

Kusi huanza kushika mwezi wa Aprili na Mei, na nyangumi wa kwanza huonekana takriban miezi miwili baadaye. Fomu zikichapishwa, tamko likatiwa sahihi na namba ya simu ikatangazwa kabla ya mwisho wa Mei, wakusanya takwimu watapata wiki chache za kufundishwa. Kwa upande wa shule yetu, niko tayari kuanzia kesho: wanafunzi wangu wanaweza kuandaa orodha ya majina ya miamba ya Kilwa pamoja na babu zao, na kuikabidhi kwa ofisi yoyote mtakayoitaja.

Natanguliza shukrani, nasubiri majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa sekondari,
Kilwa, Mkoa wa Lindi